Jasho la Asilimia Tano

Wenzangu waliosomea udaktari wanajua figo iko wapi. Waliosomea sheria wanajua kifungu kipi kinakuweka ndani na kipi kinakutoa. Mimi ninasomea fizikia ya chembe, ngazi ya uzamivu, katika chuo kimoja huku Ujerumani, na kila ninachokesha nacho kinahusu asilimia 5 ya ulimwengu. Ndiyo, 5. Asilimia 27 hivi ni maada ya giza: tunaona inavyovuta magalaksi, lakini hakuna aliyewahi kuinasa hata punje. Asilimia 68 ni nishati ya giza, inayofanya ulimwengu uzidi kutanuka, na maelezo yanaishia hapo. Kilichobaki ndicho changu. Nyota zote, sayari zote, Bahari ya Hindi, minazi, mabasi ya mikoani na mimi mwenyewe tumo kwenye hiyo 5, na kitabu chake cha utangulizi, cha Peskin na Schroeder, nasema cha utangulizi, kina kurasa zaidi ya 800. Siku hizo asilimia 95 nazo zikijulikana, wanafunzi watakaokuwapo Mungu awape migongo.

Uzito wa kitabu ningeuvumilia. Kinachoniudhi ni nadharia yenyewe. Inaitwa Modeli Sanifu, ilikaa sawa miaka ya 1970, na ina chembe 17 tu: kwaki sita, elektroni na ndugu zake wawili wazito, nyutrino tatu, wabeba nguvu wanne (fotoni, gluoni, W na Z), na bosoni ya Higgs. Pale kwenye maabara ya CERN, Geneva, mlinganyo wake unauzwa kwenye vikombe na fulana. Kwenye kikombe ni mistari michache, inapendeza, wageni wanapiga nayo picha. Ukiukunjua ili ukokotoe kitu, unajaza ukurasa mzima kwa alama ndogondogo zinazodai miwani. Ndani yake mna namba 19 ambazo nadharia haijui zimetoka wapi. Zimepimwa maabara, zikachomekwa. Mimi nikijibu mtihani kwa namba 19 zisizo na maelezo, ninarudishiwa karatasi na yai. Modeli Sanifu inapewa Tuzo za Nobel.

Na haifeli! Ugomvi wetu uko hapo. Kila mtu anajua ina upungufu. Uvutano haumo, maana yake nadharia hii nzima haina neno la kusema kuhusu embe linaloanguka kichwani mwako. Maada ya giza haimo. Nyutrino ilizihesabu kuwa hazina uzito kabisa, halafu Kajita wa Japani na McDonald wa Kanada wakapewa Nobel mwaka 2015 kwa kuonyesha kwamba zinao. Mwanafunzi mwenye mapengo ya namna hiyo angerudishwa darasa. Lakini ipeleke kwenye mashine, iulize swali lolote linalopimika, inajibu, na jibu linakubali. Tumebaki sisi, maelfu ya wanafunzi dunia nzima, tukiiombea dua mbaya ikosee mahali ili tupate cha kuandikia tasnifu.

Shida ni kwamba tumekuja tumechelewa. Tarehe 4 Julai 2012, CERN ilipotangaza kuipata chembe ya Higgs, Peter Higgs mwenyewe, mzee wa miaka 83, alikaa ukumbini akifuta machozi. Alikuwa ameisubiri tangu 1964. Mimi nilikuwa Tanga, nimevaa kaptula ya shule ya msingi. Pilau ikaliwa, wageni wakashiba, Higgs na François Englert wakachukua Nobel mwaka uliofuata, na kizazi changu kikafika shughuli imekwisha, tukakabidhiwa sufuria tukwangue ukoko. Profesa anapita nyuma yetu akihimiza: kwangueni kwa nguvu, huenda chini kabisa kuna kipande cha nyama.

Kuna siku harufu ya nyama imesikika kweli. Desemba 2015 vigunduzi viwili vya CERN, ATLAS na CMS, viliona kijinundu kwenye grafu, kwenye nishati ya GeV 750, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Wananadharia hawakulala. Mamia ya makala yakaandikwa kueleza chembe hiyo mpya ni ipi: huyu anasema ni ndugu wa Higgs, yule anasema ni mlango wa kuifikia maada ya giza, mwingine anaona dalili za pande za ziada za anga. Agosti 2016 data zaidi zikaletwa, kijinundu hakipo. Ilikuwa bahati tu ya takwimu. Kwa hiyo yapo mamia ya makala, yenye hesabu safi na marejeo yaliyopangika, kuhusu kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Wakati huohuo mimi ninaambiwa sura yangu ya pili haina ushahidi wa kutosha.

Na muoni je? Hii ni sawa na elektroni kwa kila kitu, ila ni nzito mara 207 hivi. Ilionekana mwaka 1936, na mwanafizikia Isidor Rabi akauliza ni nani aliyeiagiza. Hajajibiwa hadi leo. Muoni ina usumaku wake, na ukiupima kwa makini sana unaweza kugundua kama kuna chembe zisizojulikana zinazouchezea. Wamarekani waliupima Brookhaven, New York, wakaona hauendani na nadharia. Wakasema tupime vizuri zaidi. Mwaka 2013 wakaichukua pete ya sumaku yenye upana wa mita 15, ambayo haikutakiwa kupinda hata kidogo, wakaipakia kwenye tishari, ikazunguka Florida kwa bahari, ikapanda mto Mississippi, ikamalizia safari juu ya lori hadi Fermilab, karibu na Chicago. Aprili 2021 wakatangaza: tofauti bado ipo! Idara yetu hata wasiosalimiana siku hiyo walisalimiana. Kisha wananadharia wakarudi kwenye kompyuta zao kubwa, wakakokotoa upya upande wao, na Mei 2025 wakasema kwa hesabu mpya tofauti haionekani tena. Mwezi uliofuata Fermilab wakatoa kipimo chao cha mwisho, cha umakini wa ajabu, na kikakaa palepale. Modeli Sanifu imefaulu tena. Imefaulu baada ya kusafirishiwa sumaku nusu ya bara.

Hamu ya kuikamata fizikia ikikosea ilishawatia aibu wakubwa zetu. Septemba 2011 jaribio la OPERA liliripoti kwamba nyutrino zilizotoka CERN kwenda Gran Sasso, Italia, kilomita 730 chini kwa chini, zilifika mapema kuliko nuru, kwa nanosekunde 60 hivi. Dunia ikasimama. Magazeti yakamzika Einstein. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba waya mmoja wa faiba haukukazwa sawasawa. Waya! Kariakoo nzima hakuna fundi wa king'amuzi ambaye swali lake la kwanza si hilo: "Umekaza waya?"

Hayo ni ya wakubwa. Ya kwangu ni karatasi ya mazoezi. Inatoka kila wiki, na usipofikisha nusu ya alama za karatasi zote huruhusiwi kuingia kwenye chumba cha mtihani. Swali lake linaanza kwa "Onyesha kwamba", linafuatiwa na mstari mmoja, na jibu ni kurasa sita. Ukienda kwenye kitabu kutafuta msaada, unakuta mwandishi amefika palepale ulipokwama, akaandika kwamba hatua inayofuata ni dhahiri, akaendelea na safari zake.

Na kabla hujaanza kukokotoa, wanakupokonya vipimo. Wiki ya kwanza mwalimu anaandika ubaoni kwamba kasi ya nuru ni 1. Moja nini? Moja tu. Kuanzia hapo mita na sekunde ni kitu kimoja, kilo na nishati ni kitu kimoja, na ukiuliza urefu unajibiwa kwa sekunde. Kwa utaratibu huo, kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kilomita 350 hivi, ni milisekunde moja na ushee. Ningependa huyo mwalimu apande basi la asubuhi, akae kiti cha nyuma juu ya tairi, kisha pale Segera, baada ya abiria wote kushuka kununua machungwa, aniambie kasi ni 1.

Halafu kuna vita vya alama. Ukipima umbali katika anga na wakati kwa pamoja, kimoja lazima kiwe chanya na kingine hasi. Kipi kiwe kipi? Hawajakubaliana. Peskin na Schroeder wameupa wakati chanya. Srednicki, ambaye kitabu chake kimewekwa kwenye rafu hiyohiyo, ameupa hasi. Ukichukua mlinganyo wa huyu ukauunganisha na wa yule, chembe yako inapata uzito ambao ukiuzidisha kwa wenyewe unapata namba hasi. Kila upande una wafuasi wake, wenye digrii tatu tatu, na ukiwauliza kwa nini wasikae chini wapatane, wanakwambia sio tatizo, unazoea.

Alhamisi jioni huwa tunakutana wanne kwenye chumba kimoja chenye ubao mweupe, ambao pembeni umeandikwa USIFUTE na mtu asiyejulikana aliyeacha nusu ya hesabu yake hapo. Hakuna anayethubutu kuifuta. Tunabanana kwenye sehemu iliyobaki. Wiki hii mmoja alipata jibu sahihi lakini hasi, mwingine akapata nusu yake, wa tatu akalipata likiwa limezidishwa kwa mzizi wa hasi moja, na mimi langu lilikuwa na π ambayo hakuna aliyejua imepandia kituo gani. Tukamwita msaidizi wa mwalimu. Akasimama mbele ya ubao, mikono mfukoni, akasoma yote manne taratibu hadi chini. "Mmekaribia," akasema. Akaenda kula.

Swali lililotushinda ni la usumaku wa elektroni, na lina historia ya kukatisha tamaa. Julian Schwinger alilitatua mwaka 1948, na kwa michoro hii anayoijua kila mwanafunzi, ya mistari na mawimbi, aliyoianzisha Richard Feynman, ni mchoro mmoja tu. Jibu lake ni kama 0.00116, na fomula yake imechongwa kwenye kaburi lake kule Massachusetts. Ukitaka usahihi zaidi, hatua inayofuata ina michoro 7. Karplus na Kroll waliikokotoa mwaka 1950, na kosa lililokuwamo likaja kusahihishwa mwaka 1957. Miaka saba walitembea nalo kifua mbele! Langu mimi hukamatwa kabla wino haujakauka. Hatua ya tatu ina michoro 72, na jibu lake kamili lilipatikana mwaka 1996. Ya nne 891. Ya tano 12,672, na hiyo iliachiwa kompyuta. Sisi wanne tulikuwa tunabishana kuhusu ule mmoja wa mwanzo.

Tena hesabu hizi, ukizifanya kwa uaminifu kama ulivyofundishwa, karibu kila mahali zinakupa jibu lisilo na mwisho. Usishtuke. Unachukua kisicho na mwisho kingine, unakitoa kwenye kile cha kwanza, na kinachobaki unakiita jibu. Mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la sita alikuwa na fimbo mahususi kwa mambo ya aina hiyo. Huku Tomonaga, Schwinger na Feynman walipewa Nobel ya mwaka 1965, na Feynman mwenyewe baadaye akakiri kwenye kitabu kwamba utaratibu huo ni kiinimacho. Kinachoniumiza roho ni kwamba kiinimacho hicho kinakubaliana na kipimo cha maabara hadi tarakimu zaidi ya 10. Huna hata pa kulalamikia.

Nyumbani nako wanataka hesabu yao. Mjomba wangu hupiga simu kila Jumapili baada ya adhuhuri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeshamaliza?"

"Bado."

"Hizo chembe ni nyingi kiasi gani?"

"Ziko 17, mjomba."

"Kumi na saba tu, na bado hujamaliza?"

Nikamweleza kwamba elimu hii ina faida. Nikamwambia mtandao wa kurasa anaousomea habari za mpira ulibuniwa na Tim Berners-Lee akiwa CERN, mwaka 1989. Nikamwambia mashine zinazotibu saratani kwa mionzi pale Ocean Road zinafanya kazi kwa kuzikimbiza elektroni, chembe zangu hizihizi. Mjomba akachangamka.

"Kumbe! Kwa hiyo wewe unajua kuzitengeneza zile mashine?"

"Hapana, mjomba. Zile wanatengeneza wahandisi."

"Zikiharibika?"

"Anaitwa fundi."

"Sasa, baba, si bora ungesomea huo ufundi?"

Nimelipeleka swali hilo idarani. Hakuna mwenye jibu.

Ajira nayo ni hadithi ndefu. Ukiomba kazi unaulizwa umeandika nini. Walio upande wa majaribio wanayo makala mengi sana, kwa sababu kule hakuna anayeandika peke yake. Mwaka 2015 ATLAS na CMS walitoa makala ya pamoja kuhusu uzito wa bosoni ya Higgs. Ilikuwa na kurasa 33. Fizikia na marejeo yake vilichukua 9. Kurasa 24 zilizobaki yalikuwa majina ya waandishi na vyuo vyao, watu 5,154. Ukiwa na makala ya namna hiyo kwenye wasifu wako, jopo linakuuliza wewe binafsi ulifanya nini humo, na huwezi kuwaambia ulikuwa ukurasa wa 19. Sisi tulio upande wa nadharia tunaandika wawili wawili, kwa hiyo kila anayesoma anajua kosa ni la nani.

Anayeniudhi kuliko wote ni kicheche. Ile mashine kubwa ya CERN ni duara la kilomita 27, kama mita 100 chini ya ardhi, sumaku zake zimepozwa hadi nyuzi −271 za Selsiasi, na inalindwa dhidi ya kila balaa linaloweza kufikirika. Aprili 2016 mnyama mdogo wa jamii ya kicheche aliingia kwenye mitambo ya umeme ya juu, akaguguna asichotakiwa kuguguna, mashine ikazimika. Novemba mwaka huohuo mwingine akafanya hivyohivyo. Wote wawili walikufa, poleni wafiwa. Lakini yule wa pili alikaushwa, akapelekwa makumbusho ya Rotterdam, akawekwa kwenye maonyesho. Hakuwa na shahada. Hakuwa na barua za wadhamini. Ana nafasi ya kudumu kwenye taasisi ya Ulaya, na mimi mkataba wangu unaangaliwa upya kila mwaka.

Nikiwalilia wakubwa, wananiambia nivute subira, mashine mpya inapangwa. Ni kweli inapangwa. Itakuwa duara la kilomita 91 hivi. Nchi wanachama wakikubali kutoa fedha, hatua ya kwanza itaanza mwishoni mwa miaka ya 2040, na ile ya kugonganisha protoni, ambayo ndiyo inaweza kuipasua Modeli Sanifu vipande, ni ya miaka ya 2070. Nimepiga hesabu, hii haikunipa shida: Tanzania mtumishi wa umma anastaafu akiwa na miaka 60. Wakati wanaiwasha mimi nitakuwa nafuatilia mafao.

Mjomba nilimpa habari hizo Jumapili iliyopita. Akanyamaza hadi nikadhani bando limekatika.

"Hiyo kilomita tisini na moja," akasema, "inachimbwa?"

"Ndiyo, mjomba. Chini ya ardhi."

"Basi vibarua watahitajika. Peleka barua mapema, ujenge kwanza, uoe. Hizo chembe zitakungoja. Hazitaoza."

Kwa hilo la kuoza, mjomba yuko sahihi kuliko anavyojua. Wajapani wana tangi la tani 50,000 za maji chini ya mlima, linaitwa Super-Kamiokande, na tangu 1996 wamelikodolea macho wakingoja walau protoni moja ioze. Hakuna iliyooza. Kwa kukaa kimya hivyo, wamethibitisha kwamba protoni kwa wastani huishi zaidi ya miaka yenye sifuri 34. Kwa hiyo protoni haina haraka. Mwenye haraka ni mama mwenye nyumba wangu, anayetaka kodi yake tarehe 1, na kwake moja ni moja.